Nambari 14

Mwaka 1968 bendi ya vijana wa Kiingereza, The Tremeloes, ilitoa santuri iitwayo "Helule Helule", nayo ikapanda hadi nambari 14 kwenye chati ya Uingereza. Nambari hiyo haina ubishi. Waingereza walikuwa wakihesabu mauzo ya maduka ya rekodi juma baada ya juma tangu Novemba 1952, gazeti la New Musical Express lilipochapa orodha yake ya kwanza na kumweka Al Martino kileleni. Wamarekani nao, kupitia jarida la Billboard, walianzisha Hot 100 yao Agosti 1958. Anayetaka leo kujua wimbo fulani ulikuwa wapi juma fulani la mwaka 1968 hufungua kitabu na kuweka kidole.

Mwenye wimbo alikuwa Daudi Kabaka, ambaye kwao ni Vihiga, yule aliyeitwa mfalme wa twisti nchini Kenya, akirekodi katika studio ya Equator Sound ya Charles Worrod jijini Nairobi. Aliuimba kabla Waingereza hawajausikia. Ukiuliza ulifika nambari ngapi hapa kwetu, ulishika usukani majuma mangapi, uling'olewa na upi, hupati jibu, kwa sababu hapakuwa na daftari la aina hiyo. Takwimu ya kutegemewa kuhusu kibao hicho cha mtu wa magharibi ya Kenya imetunzwa Uingereza, na inahusu sauti za watu wengine.

Jambo hili hunijia kichwani kila ninapopita Kamukuywa, mji mdogo wa huko huko magharibi ya Kenya. Ukitoka Webuye kwenda Kitale utaacha Misikhu nyuma, utavuka daraja la mto unaoitwa kwa jina hilo hilo, halafu utafika steji: matatu zinagombania abiria, boda boda zimejipanga kando ya barabara, akina mama wanauza mahindi ya kuchoma, na upande mmoja njia inapinda kuelekea Kaptama na Kapsokwony kwenye miguu ya Mlima Elgon. Mji huo haujulikani kwa studio wala kwa kumbi za dansi. Ni mji wa kupita. Lakini muziki nao hupita barabara hiyo hiyo, na mtu akisimama pale Jumamosi mchana atausikia wa miaka mingi kwa mpigo mmoja: gari la Kitale likiwa na gitaa la bendi ya Les Wanyika, duka la kutengeneza simu likiwa na Bongo Fleva ya juzi, na mahali fulani nyuma ya vibanda, Jim Reeves, Mmarekani aliyekufa kwa ajali ya ndege Julai 1964, akiendelea kubembeleza wakulima wa Trans Nzoia kana kwamba hakupata habari ya kifo chake mwenyewe.

Huyo Reeves peke yake anatosha kuivuruga chati. Kwa hesabu ya Billboard, wimbo hupanda, hukaa, hushuka, hutoka. Je, mtu anayependwa miaka sitini mfululizo katika nchi ambayo si yake, vijijini, na watu ambao wengi hawakuwahi kumiliki santuri yake hata moja, utamweka kwenye safu gani?

Twende hatua moja nyuma tuone wimbo ulifikaje huku. Katika miaka ya 60 na 70 santuri ndogo za mizunguko 45 zilitengenezwa Nairobi na kusambazwa na wafanyabiashara ambao wengi wao walikuwa na maduka River Road. Kwa upande wetu alikuwapo pia Chandarana kule Kericho, aliyekuwa na duka, studio na lebo zake, akirekodi Wakipsigis, Waluo na Waluhya. Wanamuziki wa gitaa kavu wa Uluhyani walikuwa wameshajijengea jina kabla ya bendi kubwa kuja. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliacha namna ya kuchezesha vidole kwenye nyuzi ambayo mafundi wa omutibo, mtindo huo wa gitaa, wanaifuata hadi leo, na Shem Tube na wenzake wa Abana ba Nasery wa Bunyore walipiga magitaa mawili huku mmoja wao akikwaruza chupa ya Fanta yenye mistari. Chupa hiyo ilikuja kusikika hadi Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 90. Hapa karibu zaidi, kwa Wabukusu, palikuwa na litungu la nyuzi saba, ambalo halikuhitaji duka.

Santuri ilikuwa mali ya mwenye gramafoni, na mwenye gramafoni alikuwa mtu wa mshahara: karani, mwalimu, mfanyakazi wa shamba kubwa upande wa Kitale, baadaye mtu wa kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilichofunguliwa Webuye miaka ya 70, au wa kiwanda cha sukari cha Nzoia. Wengine walisikia kwa jirani, kwa baa, kwa duka lililotoa spika nje siku ya soko. Na walisikia kwa redio.

Ni hapo kwa redio ninapotaka kukaa kidogo, kwa maana ndipo palipokuwa na kitu kilichokaribia chati, na kilikuwa kitu tofauti kabisa. Serikali ilichukua shirika la utangazaji mwaka 1964 na kuliita Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi 1989, liliporudi kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Idhaa ya taifa, ile ya Kiswahili, ilikuwa na vipindi vya salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika jina lake na mahali alipo, akaorodhesha anaowasalimu, akaituma kwa posta. Mtangazaji alisoma: fulani wa Kamukuywa anamsalimu mjomba wake aliye Mombasa, shemeji yake aliye Thika, walimu wote wa shule fulani, na wote wanaomfahamu popote pale walipo. Kisha wimbo ukapigwa. Walikuwapo watu mashuhuri kwa kazi hiyo tu ya kusalimu. Walikuwa na majina ya utani, walianzisha vilabu, walitembeleana kutoka wilaya hadi wilaya, wakazikana.

Tazama tofauti. Kijana wa Manchester aliyenunua "Helule Helule" mwaka 1968 alitoa pesa zake, akabeba santuri yake, akafunga mlango wa chumba chake. Chati ilijumlisha milango iliyofungwa. Kwenye kipindi cha salamu hakuna aliyejiombea wimbo ausikie yeye. Wimbo ulikwenda kwa mwingine, ukiwa umebebeshwa majina. Uliofaa zaidi kubeba ndio uliochezwa zaidi, na uliochezwa zaidi ndio uliokuja kujulikana na kila mtu kama kibao cha mwaka. Ndiyo maana "Sweet Mother" ya Prince Nico Mbarga, iliyotolewa Nigeria mwaka 1976 kwa Kiingereza cha mitaani cha Afrika Magharibi, iliota mizizi hadi huku ambako hakuna aliyezungumza namna ile: kila mtu alikuwa na mama wa kumtumia. Ndiyo maana pia "Lunch Time" ya Gabriel Omolo, yenye kusimulia jinsi wafanyakazi wa Nairobi wanavyoipitisha saa ya chakula, kila mtu kwa uwezo wa mfuko wake, ilivuma mno mwanzoni mwa miaka ya 70 na kumpatia diski ya dhahabu. Vijijini iliwafikia wazazi na wake waliotaka kujua watu wao wanaishije huko mjini, na ikawapa jibu ambalo barua za nyumbani hazikuthubutu kuandika.

Sitaki kudai kwamba mahadhi hayakuwa na kazi. Gitaa la Omar Shabani katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika, mwishoni mwa miaka ya 70, lingependwa hata kama maneno yangekuwa orodha ya bei za mbolea. Ila nina hakika kwamba wimbo ambao hauwezi kutumiwa mtu haukupata maisha marefu kwenye barabara hii, hata ukiwa mzuri vipi.

Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo wasomi wa chati hulisahau. Santuri ya mizunguko 45 ilibeba dakika tatu hadi tano hivi kila upande. Kwa Waingereza hiyo ilitosha, wimbo uliandikwa utoshee. Bendi za huku, hasa za Wakongo na Watanzania waliopiga kambi Nairobi, na za benga pia, zilikuwa na wimbo wenye mwanzo wa kusimulia polepole, kisha mahali ambapo magitaa yanachomoka na watu wanasimama kucheza. Haukuenea upande mmoja. Fundi aliukata katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule, mara nyingine kisu kikipita kwenye neno. Mtangazaji mwenye rundo la kadi mezani alikuwa na nafasi ya upande mmoja tu, naye akiuzima mapema asome majina zaidi. Kwa hiyo wapo watu wazima walioishi na nusu ya wimbo waupendao. Simulizi waliipata redioni. Raha yenyewe, ile ya upande wa pili, ilikuwa ya wenye gramafoni na wenye kwenda baa. Katika utabaka wote wa miaka ile sijui kama upo mwingine uliokuwa mwembamba na wa kudumu namna hiyo.

Kalenda nayo ilikuwa tofauti. Chati huenda kwa juma, na Kamukuywa juma moja halina uzito huo. Kwa Wabukusu kuna Agosti ya mwaka shufwa, msimu wa tohara. Mvulana hupita kwa wajomba na jamaa akicheza na njuga za chinyimba, hukesha, na alfajiri huchukuliwa mtoni akapakwa tope, kisha hurudishwa nyumbani kwa "Sioyaye". Wimbo huo hauna mtunzi anayejulikana, haukuwahi kuhitaji kutangazwa, na kila miaka miwili hushika nafasi ya kwanza kutoka Bungoma hadi Trans Nzoia bila mpinzani. Waliotahiriwa pamoja wanafungwa pamoja maisha yote, wakiingia katika rika mojawapo kati ya manane yanayozunguka, Nyange, Maina, Chuma, Sawa na mengineyo, na kila mwaka wa tohara ndani ya rika hupewa jina kwa jambo lililotokea. Kwa hiyo ukimwuliza mzee wa huku wimbo wa redio ulitoka lini, mara nyingi hatataja mwaka. Atakuambia walikuwa wametahiriwa akina nani.

Chukua Agosti 1982. Alfajiri ya tarehe 1, Leonard Mambo Mbotela alitolewa kwake na wanajeshi akalazimishwa kutangaza kwenye Sauti ya Kenya kwamba serikali imepinduliwa. Kufikia jioni mapinduzi yalikuwa yamezimwa. Ulikuwa mwaka shufwa, na huku msimu wa tohara ulikuwa umewadia. Mwaka huo huo, kule Pwani, Them Mushrooms walikuwa wameipa nchi "Jambo Bwana", iliyouza nakala nyingi kuliko karibu kila santuri ya Kenya, ikachukuliwa na Boney M mwaka uliofuata ikawa ya dunia. Mwanahistoria wa chati ataandika "1982: Jambo Bwana". Lakini hiyo ilikuwa salamu ya mwenye hoteli kwa mtalii, na mtalii hapiti Kamukuywa akatelemka. Ilisikika, ilipendwa, watoto waliiimba shuleni. Siamini kama kuna mtu aliyemtumia shangazi yake wimbo huo.

Hadi hapo nimeuelezea ukosefu wa hesabu kana kwamba ni neema, na hilo linanikera mwenyewe. Aliyehesabiwa alilipwa, au angalau alikuwa na karatasi ya kwenda nayo mahakamani. Asiyehesabiwa aliambiwa na mwenye lebo kwamba santuri haikuuza, naye hakuwa na namna ya kubisha. Wengi walilipwa mara moja, mkononi, siku ya kurekodi. "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 60, umeimbwa na Miriam Makeba, Boney M na nusu ya ulimwengu, na ugomvi wa nani aliyeutunga ulimfuata Fadhili hadi alipofariki mwaka 2001. Kabaka alifariki mwaka huo huo, akiwa ameacha vibao ambavyo kila Mkenya wa rika fulani anavijua kwa moyo.

Nikizifuata pesa za muziki kwenye barabara hii ya Webuye na Kitale, naziona kila mahali isipokuwa kwa mwimbaji. Msikilizaji alinunua betri za Eveready zilizotengenezwa Nakuru, akazianika juani zikiisha nguvu, kisha akanunua nyingine. Alinunua kadi ya salamu na stempu. Alinunua bia ili awe na haki ya kukaa karibu na spika. Alilipa nauli zaidi kwa gari lenye muziki mzuri, au alilisubiri huku akiliacha lile bovu lipite. Zote hizo zilitolewa kwa ajili ya wimbo, na wimbo haukuona ndururu. Miaka ya 80 ikaja na kaseti, na kibanda chochote chenye redio ya deki mbili kikawa kiwanda. Lebo kubwa za kigeni zikafungasha virago. Chama cha hakimiliki, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983, na tangu hapo wasanii wamekuwa wakikilalamikia kwa miongo minne kuhusu vijisenti wanavyogawiwa.

Serikali nayo iliwahi kujaribu kuupanga upendo kwa amri. Machi 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba robo tatu ya muziki wake uwe wa Kenya. Agizo halikumaliza hata muda wa kuzoeleka, likaachwa. Kuna waliosema santuri za Kenya hazikuwa za kutosha maktabani, na kuna waliosema wasikilizaji walizikosa bendi zao za Zaire. Mimi nadhani agizo lilianzia mahali pasipofaa. Wapangaji wake waliuliza wimbo unatoka wapi, na msikilizaji wa Kamukuywa alikuwa akiuliza unakwenda kwa nani. Mkongo aliyeimba Kilingala kuhusu mume aliyepotelea mjini alikuwa akimsemea mke wa Bungoma kuliko Mkenya aliyeimba kwa Kiswahili safi kuhusu maendeleo.

Siku hizi kadi za salamu zimepungua ingawa hazijafa, na kazi yake imegawanywa. Sehemu moja imechukuliwa na disko matanga, ule muziki wa usiku kucha nyumbani kwa msiba ambao machifu wa magharibi wanaupiga marufuku kila mwaka kwa sababu za haki, watoto wa shule wakiwa miongoni mwa sababu hizo, na ambao unarudi kila mwaka kwa sababu jeneza na hema havilipwi kwa machozi. Huko mtu huchanga kwa jina lake, jina husomwa kwenye kipaza sauti, wimbo hupigwa. Mwenye kumbukumbu ataitambua desturi hiyo mara moja.

Sehemu nyingine imo kwenye simu. Tangu 2009 mteja wa Safaricom amekuwa akiweza kununua mlio wa Skiza: kila wimbo una nambari yake, unaituma kwa 811, na anayekupigia anausikia akisubiri upokee. Mwenye simu hausikii kamwe. Ananunua wimbo, kwa pesa zake, ili wengine wausikie. Kampuni za ng'ambo zilipobuni huduma ya aina hii sidhani kama ziliwaza vilabu vya salamu vya Sauti ya Kenya, lakini Wakenya waliielewa bila kufundishwa. Na kwa mara ya kwanza katika historia ya barabara hii, kuna kompyuta mahali fulani inayojua hasa ni watu wangapi wameuchagua wimbo gani. Wasanii wanalalamikia mgao hata hapo, ila angalau kuna kitu cha kugawana.

Kisha kuna kisa cha "Kasongo". Orchestra Super Mazembe, Wakongo waliohamia Nairobi mwaka 1974, waliurekodi katika miaka ile ya 70: mwanamke anamsihi Kasongo, mumewe, arudi nyumbani. Kwa miaka mingi ulikuwa wimbo wa wazee, wa arusi na baa za mwisho wa mwezi. Mwishoni mwa 2024 vijana wa Kenya walilitwaa jina hilo wakamvisha Rais William Ruto kwa utani, na ghafla santuri ya babu zao ikawa kwenye TikTok, kwenye matatu, kwenye simu za watu waliozaliwa baada ya kaseti. Kilingala chake hawakijui, na hawakuhitaji kukijua. Walikuwa na mtu wa kumtumia.

Nimeusikia ukipigwa kwenye gari pale steji, sehemu zote mbili zikiwa zimeunganishwa, magitaa yakiingia bila mtu kugeuza santuri, na abiria wakicheka kabla gari halijajaa. Makanga aliucheza kwa simu yake, idadi ya waliotazama ikionekana chini ya picha, tarakimu baada ya tarakimu, hesabu ambayo Kabaka hakuwahi kuoneshwa. Kila ukichezwa inaongezeka moja. Iwapo hiyo moja inawafikia waliopiga magitaa yale au warithi wao, hilo linategemea karatasi zilizotiwa saini Nairobi kabla ya yeyote ndani ya gari lile kuzaliwa.